Ukurasa wa Kuhesabia Siku

Baba alipofariki, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kaka yangu mkubwa alikuwa ng'ambo. Nilimpigia simu mara moja tu, maana dakika moja ya ng'ambo ilikuwa bei ya kuku mzima. Wazee hawakuwa wamepanga siku ya mazishi, basi nikamtajia anwani ya ukurasa wangu wa wavuti, herufi kwa herufi, nikamwambia achungulie huko. Kuchungulia kwake kusingenigharimu kitu, na mimi cha bure huwa sikikatai.

Kwetu Asembo Bay, kifungua mimba hasimuliwi kaburi la baba yake. Anasimama kando yake, anatupa udongo. Tulikuwa tunamngoja yeye.

Wazee wakapanga Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kuandika skripti, maagizo mafupi ya kompyuta, nilijifunza Kisumu mjini, kwa mama mmoja aliyekodisha kompyuta nne. Nilibishana naye mpaka saa nzima ikawa bei ya nusu saa. Ningeweza kuandika tarehe tu, lakini tarehe hata kalenda ya ukutani inayo. Nikaandika mistari sita: chukua siku ya mazishi, toa siku ya leo, onyesha jibu; likiwa sifuri, andika: Ni leo. Alhamisi hiyo ukurasa ukasema: Zimebaki siku 9. Nikahesabu kwa vidole. Tisa. Nikarudia. Tisa. Kaka akaleta barua pepe: ameona, amepata kiti, atafika siku moja kabla.

Alhamisi iliyofuata nilikuta mashine niliyoizoea imekaliwa, nikapewa ya dirishani. Nikafungua ukurasa. Siku 5. Nikamwomba aliyekalia yangu aufungue na yeye. Siku 2. Jua la saa nane lilikuwa linachoma bati. Nikahesabu kwa vidole. Mbili.

"Hiyo ya dirishani betri ya saa imekufa," mama mwenye kompyuta alisema bila kuinua kichwa. "Tangu stima zipotee, iko nyuma siku tatu."

"Lakini ukurasa ni mmoja."

"Ukurasa ni mmoja, bwana. Hesabu ndiyo haifanywi kwako. Inasafiri na ukurasa, inafanyiwa kwa yule anayeufungua, kwa saa yake."

Nikaomba simu. Bei sikuuliza. Mama alinitazama kama anayetazama mgonjwa.

Nilimpata kaka kazini. "Omera, ndugu yangu, fungua ule ukurasa. Unasema ngapi?"

"Nne. Jumatatu, si ndiyo? Nilijiuliza, nani anazikwa Jumatatu? Lakini wewe unahesabu kila kitu mara mbili."

Kumbe saa ya kompyuta yake ilikuwa nyuma siku mbili. Ndege ya mapema haikuwa na kiti. Wazee walisema jamaa wameshaanza kufika, ng'ombe ameshanunuliwa, Jumamosi haisogei. Siku hiyo nilitupa udongo mara mbili: wangu, kisha wake. Niliona watu wakiangalia ule wa pili.

Alifika Jumapili, akakuta tuta bado bichi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne akataka kuuona ukurasa kabla sijaufuta. Mashine yangu ilionyesha hasi tatu. Sikuwa nimeiambia ikome ikifika mwisho. Kaka alikuwa ameketi dirishani. Nikaenda nikasimama nyuma yake. Mkono wake ulikuwa umeachia kipanya, uko mezani, umekunjwa kana kwamba umeshika kitu.

Mashine ya dirishani, iliyo nyuma siku tatu, ilikuwa imeandika: Ni leo.