Namba Sita Niliyoiacha Roret

Siku yangu ya kwanza kazini katika kiwanda cha chai cha Roret, Meneja wa Kiwanda alinionyesha kompyuta iliyopokea uzito wa majani ya chai kutoka kwa mizani. "Madam Adhiambo," akasema, "hapa stima inapotea ovyo. Ikirudi, hii kitu ijiwashe yenyewe. Sitaki hadithi."

Wakati wetu, Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ilisoma namba moja kwenye faili iitwayo inittab, ikajua iamke vipi. 1 ilikuwa ya fundi akiwa peke yake, 3 ya kazi bila madirisha, 5 ya madirisha, 6 ya kuwasha upya. Fundi aliyeiweka mashine hapo mwanzo aliiacha kwa 1, kwa hivyo kila ikiwaka ilimngoja mtu aiendeleze. Mimi na ujuaji wangu wa chuo nikaona "kuwasha upya" ndiyo dawa, nikaandika 6. Sikuijaribu, maana malori ya majani yalikuwa kwenye foleni na mashine haizimwi majani yakiwa mlangoni. Wiki hiyo stima ilituheshimu, na Jumatatu nikahamishiwa kiwanda cha Kimulot nikiwa nimesifiwa.

Alhamisi, Chebet aliyeshika nafasi yangu akanipigia simu akilia. Stima ilikuwa imepotea na kurudi, na sasa mashine inajiwasha, inajizima, inajiwasha tena. Malori yamekwama nje, majani yanapata joto maguniani. Yakigeuka mekundu ni ya kutupwa.

"Meneja anasema nimeharibu, anaandika barua ya kunifuta. Dada, haki ya Mungu sijagusa kitu!"

Nikaikumbuka ile sita. Ningeweza kumwelekeza kisha ninyamaze, na nani angejua?

"Ikianza kuwaka, ongeza 1 kwa ule mstari wa kwanza kwenye skrini, iamke ile ya fundi. Halafu fungua inittab. Unaona ngapi?"

"Sita."

"Ndiyo maana, kila ikiamka inaambiwa ijiwashe upya. Weka tatu. Washa upya, na usitoke hapo."

Tukangoja wote wawili. Ikaamka.

"Sasa mpe Meneja simu."

Nilimwambia ile sita ni yangu. Nyuma yake nikasikia magunia yakianza kushushwa.

"Hii barua iko na jina ya Chebet," akasema. "Niandike yako?"

"Andika, sir."

Nikasikia karatasi ikiraruka. "Kesho kuja huku, umwambie pole mbele ya watu."

Nilikwenda. Aibu niliyoiona siku ile bado ninaikumbuka, lakini Chebet alinishika mkono.

Mwaka huu nimestaafu, nikiwa Roret tena. Siku ya mwisho, gari likiningoja, niliizima mashine, nikaiwasha, nikakaa kuitazama. Iliamka vizuri, ikauliza jina la anayeitumia. Nikainuka, nikamwachia Chebet, anayeshika nafasi yangu tena, kiti aandike lake.