Siku Giza Alipokuwa Anaongoza

Mume wangu ni fundi umeme, na watu wote wanamwita Giza. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hucheka, kisha hutazama zile waya alizoshika, kisha huacha kucheka. Si bora angeitwa jina lolote lile? Lakini hakujipa mwenyewe. Alipewa na dada yake, wifi yangu, walipokuwa watoto, na kitu akishakutolea wifi yangu hakirudishwi dukani.

Enzi hizo nyumbani kwao kulikuwa na mashine ya geimu, ile ya kaseti, yenye rimoti mbili za waya mfupi. Kaseti ya maana ilikuwa moja tu, ya mpira. Wachezaji wake nimewaona kwa macho yangu: vidoti vyenye miguu, na kipa anayetoka golini bila kuombwa akarudi akijisikia. Ukifunga bao, mashine inapiga wimbo wa kuudhi ambao mume wangu anaupiga mluzi mpaka leo akiwa bafuni. Wale ndugu wawili waliipenda kaseti hiyo kuliko kula. Walikuwa na ligi yao, na kombe lao lilikuwa kikombe cha bati kilichong'oka mkono. Aliyeshinda alinywea chai yake humo wiki nzima, akijiunguza vidole kwa raha, na aliyeshindwa alikaa anamtazama.

Sasa, Giza hakuwa mchezaji mbaya, ila dada yake alikuwa moto wa kuotea mbali. Basi kila akifungwa mabao mawili, kibofu kinamshika. "Dada, nakwenda chooni, usiguse kitu!" Njia ya chooni ilipita kwenye korido, na kwenye korido ndiko ilikokuwa swichi kuu ya nyumba. Punde si punde, runinga pyuu, imezima. Naye huyo anarudi mbio, mikono kichwani, anamaliza kufunga zipu njiani: "Jamani, umeme umekatika!" Sheria waliyojiwekea wenyewe ilisema umeme ukikatika mechi imefutwa.

Alikula kwa ujanja huo karibu likizo yote. Kilichomponza ni redio ya jirani. Siku moja umeme "umekatika" na redio ile ikaendelea kuimba bila wasiwasi, ndipo wifi akanyata hadi koridoni akamkuta mdogo wake amesimama juu ya stuli, kidole kingali kwenye swichi. Jina likazaliwa hapo hapo. Mimi husema hata ufundi wake ulizaliwa hapo, maana alipokatazwa kuigusa swichi ile akaanza kutaka kujua ndani yake mna nini.

Yote hayo anakiri. Mwombe tu, atakuhadithia mwenyewe na kukuigizia zile mbio za kutoka chooni. Ila kuna mara moja anaikana mpaka mishipa ya shingo inamsimama, nayo ni ile ya fainali ya mwisho wa likizo. Alikuwa anaongoza tatu kwa mbili, dakika zimebaki chache, mara runinga ikazima. Dada mtu akapiga ukelele, "Giza kazima tena!" Baba yao akatokea, akakuta runinga imeshawaka, mechi imerudi sifuri, na mtoto mwenye rekodi ya uhalifu ametoka chooni muda si mrefu. Mzee hakuuliza mara mbili. Mashine ikafungiwa kabatini muhula mzima, kombe likaenda kwa dada.

"Nilikuwa naongoza!" mume wangu huniambia. "Hebu fikiri, mke wangu. Mtu anayeongoza azime ili apate nini?"

Maneno hayo nimeishi nayo miaka yote ya ndoa. Nami nilikuwa namjibu, "Sawa, baba," kwa ile sauti ya kumwambia mtoto kwamba sindano haiumi. Sikumwamini hata kidogo. Njia ya mwongo ni fupi, na mume wangu alikuwa ameshaimaliza yake akiwa na miaka tisa.

Wifi yangu ana saluni. Chumba kimoja, kioo kirefu, madrayi matatu ya kukaushia nywele, runinga ya chogo juu ya meza, na kaunta ambako vitana vyake vimesimama ndani ya kikombe cha bati kisicho na mkono. Ndicho chenyewe. Mteja akiuliza mbona kikombe kimechakaa hivyo, hapo ndipo hadithi inapoanza, na wifi yangu anajua kuhadithia. Watu wanakwenda kusukwa nywele, wanarudi wamesukwa na mbavu zinauma.

Kila Jumamosi saluni hiyo inamhudumia mwalimu mkuu wa shule yetu, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Shule ilikuwa inajenga madarasa mapya, na Giza alikuwa ameshaambiwa aende akayapime kwa kazi ya kuvuta umeme. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Alikuwa ameshanichorea madarasa hayo nyuma ya kalenda, taa ikae hapa, soketi ikae pale. Basi mwalimu mkuu, kichwa kikiwa mikononi mwa wifi, akauliza kistaarabu, "Huyo mdogo wako ni mtu wa kuaminika?" Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja tu: ndiyo. Badala yake wifi yangu akatoa hadithi nzima, pamoja na fainali. Saluni yote ikaangua kicheko isipokuwa mtu mmoja. Katikati ya wiki tukapata ujumbe kwamba shule bado inatafuta fundi.

Giza hakupiga kelele. Aliacha tu. Jumapili hakwenda kwa dada yake kunywa chai, na dada akipiga simu aliigeuza kifudifudi. Kuna wanawake ambao mume kugombana na dada yake kwao ni sikukuu, nami siku ya kwanza niliifurahia, sitaki kusema uongo. Lakini mume asiyetaniana na dada yake ni mzigo. Alikaa sebuleni anafungua soketi zisizo na ubovu na kuzifunga tena. Mluzi wa bafuni ulikwisha. Nilijikuta nauhitaji ule wimbo wa kuudhi, na hilo likaniudhi zaidi.

Wifi akanipigia mimi. "Wifi, mdogo wangu kanuna?"

"Hajanuna. Kaumia."

"Si utani tu jamani!"

"Kamwambie hivyo mwalimu mkuu."

Akaaga, akakata simu. Wifi yangu kukata simu salio lingali lipo! Nikajua limemwingia. Ila Giza kuombwa radhi asingekubali, na wifi kuomba asingejua aanzie wapi. Nikaona hawa wawili hawajawahi kuelewana kwa maneno hata siku moja; lugha yao ni ile kaseti. Nikaenda kwa mama mkwe. Akainama, akaivuta mashine kutoka uvunguni, imefungwa kwenye shuka kuukuu.

"Chukua," akasema. "Wakitoana macho usiniite."

Jumamosi nikamwambia Giza kwamba drayi moja pale saluni inatoa cheche na itaua mtu. Uongo mtupu. Lakini mume wangu anaweza kumnunia binadamu, hawezi kuununia waya mbovu. Akabeba boksi lake la zana, akaingia, akasimama mlangoni. Runinga ya chogo ilikuwa inaonyesha uwanja wa kijani. Rimoti mbili mezani. Wanawake wamekaa kwenye madrayi, na chini ya lile la mwisho alikuwa mwalimu mkuu na gazeti lake.

"Rudieni fainali," nikasema. "Mkimaliza, atakayeshindwa asiitaje tena maisha yake yote."

"Mbele ya wateja wangu?" wifi akaruka.

"Kwani ulimsemea wapi?"

Wakakaa. Waya za rimoti ni fupi, kwa hiyo lazima mbanane bega kwa bega mtake msitake. Dakika za kwanza walibonyeza tu, macho mbele. Kisha kipa wa wifi akatoka golini kwa matembezi yake, Giza akafunga, na ule wimbo ukapiga.

"Kipa wako kaenda sokoni!"

"Toa kiwiko chako hapa, Giza!"

"Kiwiko changu kipo kwangu, hama wewe!"

Baba mzima wa watoto watatu, mvi zimeanza masikioni, alikuwa anapinda mwili mzima kulia ili kidoti chake kiende kulia. Wifi alikuwa ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Wateja wakaanza kuchukua pande, mmoja aliyesukwa nusu kichwa akawa anashangilia kuliko wote. Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, namna walivyokuwa kabla mimi sijafika. Nikawaonea wivu kidogo. Bao likarudi, likaongezwa, likarudi tena, kisha Giza akafunga la tatu. Tatu kwa mbili. Akashusha pumzi ndefu.

Runinga pyuu, imezima.

"Giza kazima tena!" wifi akapiga ukelele.

Saluni nzima ikageuka kumtazama mume wangu. Nami nikageuka. Alikuwa ameishika rimoti kwa mikono yote miwili, akainyanyua polepole tuione, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. "Mimi si niko hapa," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Usiinuke, bibie. Na huo mguu usiusogeze."

Aliyesema hivyo ni mwalimu mkuu. Alikuwa amelisukuma drayi nyuma na kuweka gazeti mapajani. "Umeme haujakatika. Hili dude linaniunguza masikio mpaka sasa hivi."

Kweli, madrayi yote matatu yalikuwa yananguruma, na taa ya juu ya kioo inawaka.

"Halafu, kandambili yako ya kushoto iko wapi?"

Tukainama wote. Chini ya meza kulikuwa na ule waya wa kuongezea, wenye matundu ya plagi na swichi nyekundu. Juu ya swichi nyekundu kulikuwa na kidole gumba cha mguu wa wifi yangu, kimepakwa rangi vizuri, hakina la kujitetea.

"Nimesimamia mitihani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," mwalimu mkuu akasema. "Mtoto anayeibia hukutazama usoni. Miguu ndiyo ya kuangalia."

Saluni ilicheka mpaka mwenye nusu kichwa akashuka kwenye kiti. "Za mwizi arobaini!" wakapiga makofi. Wifi naye akacheka, akajifunika uso na aproni. Asiyecheka alikuwa Giza. Aliiweka rimoti mezani taratibu.

"Dada," akasema. "Na siku ile?"

Kicheko kikapungua, kikaisha. Wifi akashusha aproni.

"Waya kama huu ulipita chini ya mkeka," akasema. "Nikazima kwa kidole cha mguu, baba alipotokea nikawasha. Ulikuwa unaongoza, mdogo wangu. Nililitaka lile kombe."

"Baba amekufa anajua ni mimi."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ingekuwa nafuu. Wifi yangu, ambaye ana jibu hata la swali asiloulizwa, machozi yakamtoka. Nami machozi yalinitoka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimemwambia "Sawa, baba" miaka yote ile.

"Nilitaka kusema," wifi akasema hatimaye. "Kila nilipotaka, nakuta watu wanaicheka. Nikaona nitasema mwakani. Mwakani nikaona hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Fundi," akasema, "Jumatatu asubuhi nakusubiri kwenye madarasa. Uje na futi yako ya kupimia." Kisha akajirudishia drayi kichwani mwenyewe.

Wifi aliinuka. Akaenda kwenye kaunta, akakipindua kile kikombe cha bati, vitana vikatapakaa hadi sakafuni, hakuviokota. Akakifuta ndani kwa pindo la aproni, nje pia, mahali palipong'oka mkono. Akamletea mdogo wake kwa mikono miwili.

"Shika. Ni chako tangu siku ile."

Giza alikishika. Akakigeuza, akachomoa unywele uliokuwa umenasa ndani, akautupa. Nilidhani atalia, au atacheka, au atakwenda nacho nyumbani akakilaze kitandani pamoja nasi. Akakiweka juu ya runinga.

"Bado sijashinda," akasema. "Imerudi sifuri."

Akainama chini ya meza, akabonyeza swichi nyekundu, uwanja wa kijani ukawaka. Alipotoka huko alikuwa ameshika kandambili ya kushoto. Akaiweka mbele ya mguu wa dada yake, akaisawazisha vizuri, kisha akarudi kukaa na kumwachia nafasi ya bega lake.

"Vaa zote mbili," akasema. "Halafu njoo tuanze."