Naruka

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba Jumamosi zile, huko Marekani, nilikwenda Hyattsville kwa ajili ya sambusa. Si kweli. Nilikwenda kwa ajili ya mwanasarakasi wangu, mwanamke mwembamba asiyekuwepo popote ila kwenye karatasi, aliyeweza kupinduka hewani bila kuvunja kitu. Mimi nilikuwa nahema nikipanda ngazi za maktaba.

Tulikuwa watatu katika mchezo wa kusimulia hadithi kwa kete, kila mchezaji na mhusika wake. Mwenye nyumba, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, ndiye aliyeshika kitabu cha sheria za mchezo na kutusimulia mapango na hatari zake. Mimi na nesi mmoja kutoka Nakuru tulisema wahusika wetu wanafanya nini, kete zikaamua. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini alitaka tucheze kwa Kiswahili apate mazoezi. Sisi tuliokuwa tukiongea Kiingereza wiki nzima hatukubisha.

Sheria ya mwendo ilimpendelea mwanasarakasi: akitangaza kabla kete hazijarushwa, anavuka shimo ambalo wengine wangetumbukia. Siku hiyo sakafu ya pango ilianza kupasuka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Naruka." Mwenye nyumba, macho kitabuni, akaitikia kwa kichwa, akamsikiliza nesi, akarusha kete. Sakafu ikaporomoka, na mwanasarakasi wangu juu yake.

"Pole sana, dada," akasema kwa upole. "Amefariki."

"Amefariki vipi? Si nilisema naruka?"

"Ndiyo. Uliruka zamu yako, nami nikaendelea."

Nesi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na kwetu, mtu akikana maneno yake tunasema anayaruka. Sasa maana ziko tatu, dadangu, na wewe uko kwa hiyo ya mwisho."

Sikucheka. Mwanasarakasi angekufa, ningebaki kuwatazama wenzangu wakicheza mpaka hadithi iishe, na hadithi hiyo tulikuwa tumeijenga majira ya baridi yote. Nikatoa hotuba: anayeruka zamu sharti aitaje hiyo zamu, la sivyo kitenzi kinabaki kinaning'inia. Shahada yangu ya isimu haikumtikisa mtu.

"Tumpigie Mwalimu," akasema mwenye nyumba.

Mwalimu wake wa Kiswahili, bibi wa Kizanzibari aliyestaafu, aliishi Fairfax. Mwenye nyumba akawasha spika ya simu, tukamwamkia Mwalimu sote, naye akaelezwa kesi. Akauliza jambo moja tu: niliposema neno hilo, nilikuwa nimekaa au nimesimama?

"Nimekaa, Mwalimu," nikajibu haraka. Hata kama mwanasarakasi angekufa, heshima yangu ilikuwa mbele.

"Alisimama," akasema nesi. "Alikunja magoti, akashika sketi kwa mikono miwili. Mimi nilimwona."

"Mtu anayeruka zamu hashiki sketi," akasema Mwalimu. "Mpeni kete zake. Na huko ng'ambo ya shimo kuna nini?"