Udongo kwenye Kitenge cha Mama

Juzi, wakati wa mapumziko kwenye ghala ninapofanya kazi, mjini Irving ugenini, niliangalia video ya watalii wa safari ya mahema huko Australia. Kabla ya kupiga kambi, mwongozaji wao, mwenyeji wa asili wa nchi ile, alichota mchanga akautupa mtoni, akiwasalimu wazee wake waliozikwa kandokando. Watalii wakapiga picha.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni tukikimbia vita Kongo. Pale tulipomlaza mdogo wangu shimoni, Mama alichota udongo, bado unanukia mvua, akaufunga kwenye kitenge. Alikuwa na mimba, nami nilijua wenye mimba hula udongo.

“Mama, unipe kidogo.”

“Hii haiko ya kula. Ni ya mdogo wako.”

Nilinuna njia nzima, nikiwaza kwamba tukirudi kumwamsha, nitamwomba anigawie.