Aliyetia Chumvi

Kila ninapopimwa presha, nesi hunisifu. Hufunga ule mkanda mkononi, hubana, husikiliza, kisha hunitazama upya na kuuliza umri wangu. Akishaambiwa hutaka kujua mimi hula nini. Nami humjibu kwamba nyumbani kwetu tulizoea kula bila chumvi tangu tukiwa watoto. Hufurahi sana, huwageukia wagonjwa wengine kwenye benchi na kuwaambia waone faida ya wazazi wanaojali. Nami hukunja uso na kuteremsha mkono wa blauzi, maana hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Tulikuwa tunaishi Mashimoni, Kibera, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa fundi wa vitanda na makochi. Karakana yake ilikuwa ng'ambo huko, kwenye kituo cha Kawangware 56, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu. Mama alikuwa mpishi, si wa kuajiriwa bali wa kuitwa. Kanisani kwetu, waumini wengi wakiwa watu wa magharibi mwa Kenya kama sisi, hapakuwa na harusi wala matanga yaliyopikwa bila yeye kushika mwiko. Alijua kuku wa kienyeji ameiva kwa kusikia harufu tu. Mboga yake ya mrenda iliwafanya wazee waombe kuongezwa, na wazee wetu si watu wa kuomba.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati, nami nilikuwa darasa la saba, Baba alipoanguka kanisani. Alisimama kuimba, akayumba, akakaa chini kwenye sakafu kama mtu aliyeamua kupumzika. Kliniki walimpima na kumwambia ana presha, tena ya juu. Nesi alimketisha Mama akamweleza polepole: chumvi mumewe aache, mafuta apunguze, nyama yenye shahamu aisahau, mboga na maharagwe ale kwa wingi, na vidonge asikose. Mama aliuliza kama magadi na ile chumvi ya majivu tuliyokuwa tukitumiwa kutoka nyumbani ni salama. Nesi akamwambia aache zote.

Mama alianza kwa sufuria mbili. Ndogo ilikuwa ya Baba, haina chumvi, na kubwa ilikuwa yetu. Jioni ya kwanza Baba alitazama kisufuria chake na hakukigusa.

"Mimi si maiti ya kupikiwa pembeni," alisema. "Kama ni kuacha, tuache sote. Familia ni sufuria moja."

Kwa wakati ule maneno hayo yalitupendeza. Tuliyaona ni maneno ya baba wa nyumba. Mama alichukua mkebe wa chumvi akampelekea jirani, na akarudi mikono mitupu akiwa anatabasamu. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka kumi, alipiga makofi kana kwamba tumeshinda kitu.

Ladha iliisha siku hiyohiyo. Sukuma wiki ilibaki majani, maharagwe yakabaki udongo. Mama hakukubali kushindwa. Alikamulia limau, akaponda tangawizi na kitunguu saumu, akajaza dania. Omena, wale dagaa wa ziwani, aliyonunua Kisumu Ndogo palepale Kibera, aliiloweka na kumwaga maji, akailoweka tena, kwa hofu kwamba huenda muuzaji aliipitisha kwenye chumvi. Alipika kama mtu anayepigana, na usoni mwa Baba alitafuta dalili kwamba anashinda. Baba alikula, akafuta mdomo, akashukuru. Kila jioni aliomba kabla ya chakula, na katika sala hiyo alimshukuru Mungu kwa mke anayelinda uhai wake.

Baada ya miezi kadhaa mkono wa Mama ulisahau kabisa kipimo cha chumvi. Alipika harusi moja na wageni wakanung'unika. Akapika matanga, wakanung'unika zaidi. Akina mama wa kanisa hawakumwambia lolote usoni, ila harusi iliyofuata mwiko ulikuwa mkononi mwa mwingine, naye akapewa kazi ya kuosha sahani. Nilimwona ameinamia karai, mikono imejaa povu, wakati wenzake wanaonja mchuzi. Nilipomuuliza kama haoni uchungu, alisema afadhali mume kuliko sifa. Alisema kwa moyo mweupe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Halafu kuna jambo la mdogo wangu. Siku moja alirudi kutoka shuleni na chumvi kidogo aliyopewa na mwenzake, ameifunga kwenye karatasi. Baba alimkuta nyuma ya pazia anailamba kwa ncha ya kidole. Alivua mshipi. Lakini kabla ya kumpiga alimuuliza kwa sauti ya chini, ya huzuni kabisa, kama anataka kumuua baba yake. Mtoto yule alilia mpaka akakosa pumzi, na hakuwa analilia mshipi. Kwa siku nyingi baadaye alikuwa akimtazama Baba akipumua.

Likizo ya Aprili mwaka uliofuata, Baba aliondoka akasahau vidonge vyake juu ya redio. Mama alivifunga kwenye kipande cha gazeti akanituma nimfikishie haraka. Nilitembea mpaka Kawangware nikifikiria kwamba labda nitamkuta ameanguka. Karakana ilikuwepo, vitanda vimepangwa kando ya barabara, na fundi mwenzake alikuwa anapiga randa. Nilimuuliza Baba yuko wapi. Alinielekeza kwa kidevu kwenye kibanda cha chakula upande wa pili.

Baba alikuwa amekaa akiipa barabara mgongo. Mbele yake palikuwa na sahani ya matumbo yanayoelea kwenye mafuta, na mkononi alikuwa ameshika mkebe uliotobolewa mfuniko kwa msumari. Aliutikisa juu ya sahani, akaonja, akautikisa tena. Hakuwa na haraka. Alikuwa anajua kipimo chake, kama mtu aliye mezani kwake.

Mwenye kibanda, mama mnene mwenye uso wa ukarimu, ndiye aliyeniona kwanza. Nilimwambia mimi ni binti wa fundi. Alicheka kwa furaha ya kweli, akanivutia kiti.

"Karibu, msichana. Leo kula chakula iko na ladha," alisema. "Mzee ametuambia ati huko kwenu mama hajui kupika. Ati chakula yake ni kama ya wagonjwa hosi."

Mafundi waliokuwa ndani wakacheka. Si kicheko cha ubaya, ni cha watu waliokwisha kusikia mzaha huo mara nyingi. Baba naye alicheka kidogo, macho kwenye sahani. Nilimpa lile gazeti. Aliliingiza upesi katika mfuko wa shati, kabla mtu hajauliza ni nini, akaniambia nikae nile. Sikukaa. Nilitoka, na nilipofika mbali kidogo nilisimama nimeshika nguzo ya duka la misumari.

Angekula tu chumvi, labda ningemwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa naiota. Lakini kumchukua mwanamke aliyevua jina lake la upishi kwa ajili yako, ukamfanya kichekesho cha kushushia matumbo, nilishindwa kuliweka popote moyoni. Nilitembea njia nzima nikijibizana naye kwa sauti, na watu wakinipisha.

Nilimwambia Mama siku hiyohiyo. Nilimwambia nusu: kwamba nimemkuta anakula matumbo na anajitilia chumvi. Ile nusu ya pili, ya kusema hajui kupika, sikuweza kuitoa mdomoni. Mama alinisikiliza huku anachambua kunde, na mikono yake haikusimama. Baba alipoingia jioni alimuuliza wazi, mbele yetu. Baba hakukasirika hata kidogo. Alitua begi la vyombo vya kazi, akanitazama kwa masikitiko, akatikisa kichwa.

"Huyu msichana ametia chumvi," alisema. "Nilikuwa nakunywa chai na wenzangu, basi."

Katika nyumba isiyo na chumvi hata punje, ndiyo hiyo tuliyotiliwa. Mama alimtazama Baba, akanitazama mimi, na nikaona anachagua. Aliniambia nipige magoti nimwombe baba yangu msamaha kwa kumsingizia. Nilipiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye mashimo, na mpaka leo nalijua shimo lililokuwa chini ya goti langu la kulia. Niliomba msamaha kwa kusema kweli, naye akanisamehe, akaniwekea na mkono kichwani. Kisha tukala, sufuria moja.

Tangu hapo sikumwamini mtu yeyote aliyekuwa ndani ya chumba kile. Nilikula mboga zangu kimya, na Baba alipoanza sala yake ya shukrani niliacha macho wazi. Aliniona, na hakuwahi kunikemea kwa hilo.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja wenzake walimleta kutoka karakana, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia vimekufa. Hospitali walimlaza. Nesi mmoja alimvuta Mama kando na kumfokea kwamba waliambiwa mapema kuhusu chumvi. Mama akasema mume wake hajaionja karibu miaka miwili. Nesi alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu mwongo, akaenda zake. Mama alibaki amesimama na kikapu cha uji wake.

Tulipomrudisha Baba nyumbani, Mama alianza kutafuta chumvi ilikoingilia. Aliacha kununua mkate kwa kuwa alisikia mkate una chumvi. Alishuku maji ya kioski, akabadilisha kioski, akawa anabeba mtungi kutoka mbali. Alisugua sufuria kwa mchanga mpaka zikatoboka. Usoni alikuwa anakauka kwa kujilaumu. Nami nilimtazama na sikusema neno. Nilikwisha kusema mara moja, na nililipwa. Baba alikuwa amelala kitandani, kitanda alichokiunda mwenyewe, anamtazama mke wake akisugua. Maneno yake yalikuwa mazito lakini yalieleweka kwa aliyetaka kuyaelewa. Angeweza kusema. Hakusema.

Jumapili moja mchana walikuja wageni kutoka Kawangware: mafundi wawili na yule mama wa kibanda, amebeba sukari na majani ya chai. Mama alifurahi mpaka akachinja kuku aliyekuwa akimfugia Krismasi. Alipika kuku, kunde na ugali, kwa limau na tangawizi na ujuzi wake wote. Nilipiga magoti na jagi na karai, nikawanawisha mikono mmoja mmoja. Walianza kula. Nikiwa bado chini pale, niliona macho yao yanakutana.

Fundi mmoja alimwinamia mwenzake. Alidhani ananong'ona.

"Kumbe Mzee alikuwa anasema ukweli."

"Ukweli gani?" Mama aliuliza.

Mama wa kibanda aliingilia upesi, kwa wema, kumfunika aibu. Alisema si kitu, ni chumvi tu imesahaulika, hata yeye humtokea. Mama alicheka. Alisema hakusahau. Alieleza kwamba katika nyumba hii hatuitumii, ni kwa sababu ya presha ya Mzee, na sasa tumeingia mwaka wa tatu tukimlinda.

Mama wa kibanda aliirudisha nyama kwenye sahani.

"Presha ya nani?" aliuliza. Na Mama alipomwonyesha kitandani, sauti yake ilishuka. "Mama, mimi ndio nimekuwa nikimlisha. Kila siku. Hakuniambia ni mgonjwa. Alisema ni wewe hujui kupika. Angeniambia, si ningemchemshia?"

Alianza kulia, na mafundi wakatazama vidole vyao. Wapo walioniambia baadaye kwamba Baba aliogopa kunyimwa kazi, kwamba nani atampa fundi mgonjwa tenda ya makochi. Sawa, aliogopa. Lakini hofu haikumtuma amchekeshee watu Mama.

Mama hakulia. Alimgeukia Baba, akangoja. Baba alifumba macho, akaelekeza uso ukutani. Mama alitazama kisogo chake, kisha akanikumbuka mimi, niliyekuwa bado sakafuni na karai.

"Inuka," aliniambia. "Katika nyumba hii hutapiga magoti tena."

Wageni walipoondoka alimtuma mdogo wangu dukani kununua chumvi. Akatoa ile sufuria ndogo ya zamani, akachemshia mboga za Baba peke yake, bila chumvi, kwa uangalifu uleule, maana hakuwa mtu wa kuua. Kisha akaweka kubwa kwa ajili yetu. Alifungua pakiti, akachota, akatia, akakoroga, akaonja. Alikunja uso. Akachota maji akaongeza, akaonja tena, akabaki ameshika mwiko. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiwalisha watu wa harusi.

"Onja uniambie kama imekolea," alisema.

Nilionja. Ulimi uliniwaka, lakini sikuweza kusema kama imezidi au imetosha. Mdogo wangu naye alionja akatema, akasema ni chungu. Mama alituangalia, mmoja kisha mwingine, akaelewa kwamba hakuna kati yetu anayejua tena. Katika chumba kile alikuwemo mtu mmoja tu ambaye ulimi wake bado ulijua chumvi ikitosha, naye alikuwa amefumbua macho, anautazama mwiko.