Ukoo Usio na Wazee

Jeshini, mwishoni mwa miaka ya sabini, lalamiko lilianzia kwa mkubwa wako wa karibu. Mkubwa wangu wa karibu alikuwa sajenti wa stoo ya magodoro, na ndiye aliyenibaka, mchana, humo humo stoo. Basi nikasimama wima mbele yake, nikapiga saluti, nikamshtaki kwake mwenyewe.

"Unamlalamikia nani?"

"Wewe, afande."

"Sawa. Nitachunguza."

Kesho yake akaniita. Alikuwa amechunguza, hakuona kitu. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema la. Akasema kutoridhika nako ni lalamiko, nilianze upya, kwake. Wuui! Nilitamani kumtemea mate usoni. Nilipiga saluti nikatoka.

Mbuzi wa fidia sikumtaka. Nilichotaka ni mtu mmoja tu mwenye cheo chochote duniani aseme hadharani kwamba huyu alitenda, na huyu msichana hasemi uongo.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani, Kyuso. Polisi wa kituoni alinisikiliza vizuri, hata akanipa kiti, kisha akasema mambo ya jeshi ni ya jeshi.

"Na kama angeniibia mbuzi?"

"Mbuzi ni raia," akasema. "Hapo ningeandika."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, wa kuimba kwaya, lakini siku hiyo alivua viatu vya ibada akanipeleka kwa wazee wa ukoo wetu. Kwetu Ukambani mtu hakosi peke yake, ukoo wake ndio unaojibu. Wazee wakauliza mshtakiwa ni wa ukoo gani. Nikasema ukoo wake siujui, ninachojua ni kwamba ni mwanajeshi. Wakanusa tumbaku, wakabishana mpaka jua likageuka, wakaamua kwamba basi ukoo wake ni jeshi. Linamlisha, linamvisha, na akifa litamzika. Kama huo si ukoo, ni nini?

Wawili kati yao wakafunga safari hadi kambini, kila mmoja na kigoda chake cha miguu mitatu, kwa sababu mzee haamui kesi akiwa amesimama. Wakaketi langoni. Mlinzi akauliza vigoda ni bei gani.

"Haviuzwi. Tumekuja kuonana na wazee wa ukoo huu."

Ofisa akatoka, akasema hapa hakuna ukoo, hapa ni jeshi.

"Sasa mtu wenu akikosa," mzee akamuuliza, "ni nani anayeona haya?"

Ofisa akawaambia waondoe vigoda barabarani. Waliponisimulia nililia kwa hasira. Stoo sikurudi tena, na jeshi likanifukuza kwa utovu wa nidhamu.

Mwaka uliofuata jeshi likaja uwanja wetu wa Kyuso kuandikisha vijana, wasichana kwa wavulana. Unakimbia, unapimwa kifua, unafungua mdomo meno yakaguliwe. Na ni nani alikuwa anakagua meno? Yeye! Tena cheo kimeongezwa. Wazee walipopata habari wakaja na vigoda vyao, wakaketi katikati ya njia ya kukimbilia, wakaniita.

"Mwiitu, binti yetu, ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Alikufanyia nini?"

Nikasema yote kwa Kikamba, nikarudia kwa Kiswahili ili naye asikose neno, mbele ya wasichana waliojipanga na mama zao. Mzee akageukia watu.

"Huyu mtoto amesema kweli," akasema. "Mtu huyu alitenda."

Mama mmoja akamtoa bintiye kwenye foleni, akamfunika leso wakaondoka. Wengine wakafuata. Afande akaona foleni inaisha, akanijia juu, sauti ile ile ya stoo, akafoka kwamba malalamiko yana utaratibu wake, yanaanzia kwa mkubwa wa karibu.

"Nimeufuata," nikamwambia, saluti sikupiga, mikono nimeiacha ilivyo. "Mkubwa wangu wa karibu ni huyu hapa kwenye kigoda."