Nilimwandikia Shemeji Neno "Sikubali"

Mwaka 1958, kiangazi cha Januari, nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, nilitenda kosa ambalo halikunijia kwa hasira ya ghafla. Nililifikiri, nikalipenda, kisha nikaliandika kwa mkono wangu. Naliungama kwenu, wasomaji, bila kutaja jina langu, wala sitajipunguzia hatia.

Mume wangu, fundi wa reli hapa Nakuru, alifariki tarehe 3 Mei 1954. Hata udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake, ambaye nitamwita Barnaba, alikuja kuniarifu kwamba sasa mimi ni wake. Alikuwa na mke tayari. Nilimkatalia mbele ya watu, naye akaondoka kichwa chini.

Mwezi uliofuata nilijiandikisha katika darasa la kina mama pale misheni. Kufikia mwisho wa mwaka 1956 nilikuwa nikiwasomea majirani barua zao na kuwajibia. Barnaba hakunisamehe lile la kumkataa, wala hili la kusoma.

Masista wa misheni walitoka Ayalandi, na shule yao ya wasichana ilikuwa na bendi ya filimbi na ngoma. Mwezi Novemba 1957 Sista mwalimu wa bendi alitangaza kwamba parokia ya kwao imechanga nauli. Wasichana kumi na wawili wangepanda ndege kwenda Ayalandi kusherehekea sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, msimamizi wa nchi hiyo, wapige bendi barabarani, walale katika nyumba za watu na kujifunza mila za huko. Binti yangu Perpetua, mpiga filimbi, alichaguliwa. Felista, binti wa Barnaba mwenye miaka kumi na mitano, alichaguliwa kupiga ngoma kubwa.

Nyumba zetu zilitazamana. Wasichana hao wawili walifanya mazoezi ya dansi ya Ayalandi uani, miguu ikiruka na mikono imenyooka ubavuni.

"Nani amewafunga mikono hawa?" aliuliza jirani yetu Mama Trufena. "Wanacheza kama watu waliobanwa na haja."

"Mama, huko mikono inapumzika," Felista akamjibu. "Kazi yote ni ya miguu."

"Basi mimi huko siendi. Miguu yangu ilistaafu zamani."

Kila msichana alipewa karatasi ya ruhusa. Ilitakiwa iandikwe kama mlezi anakubali au hakubali, kisha baba atie sahihi au kidole. Kama baba hayupo, mwanamume wa ukoo. Mimi niliyejua kuandika sikuruhusiwa kutia sahihi kwa ajili ya mtoto niliyemzaa. Jumamosi tarehe 11 Januari nilimeza kiburi, nikampelekea Barnaba karatasi ya Perpetua.

"Shemeji, naomba kidole chako hapa."

"Kidole changu? Si wewe ni karani siku hizi? Andika mwenyewe."

"Wanataka mwanamume wa ukoo."

"Kumbe mwanamume wa ukoo bado ana kazi." Alimgeukia mkewe. "Umemsikia? Miaka minne hana haja na mimi, leo ananihitaji." Kisha akanirudishia karatasi. "Perpetua abaki. Akusaidie kusoma magazeti."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu kwamba hatasafiri, naye akalia hadi sauti ikamkauka.

Wiki moja baadaye, tarehe 18, mwanamume huyo alibisha mlangoni pangu akiwa na karatasi ya Felista. Hakuwa na haya hata kidogo. Nadhani alitaka pia nione.

"Niandikie hapa kwamba nakubali. Felista anakwenda Ulaya. Andika vizuri, usiniharibie."

Nilifuta meza na kukaa. Kwa hati nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, niliandika: "Sikubali binti yangu asafiri."

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba unakubali."

Akabonyeza kidole. Nilimpa hata kitambaa cha kufutia wino, kisha nikamwambia nitamfikishia Sista karatasi mwenyewe. Furaha niliyoipata siku ile sitaikana.

Sista aliheshimu karatasi ile, kwa maana wazazi wengi waliogopa kuwatuma mabinti mbali hivyo. Alimwambia Felista, "Baba yako amekataa. Hatuwezi kumvunjia heshima." Katika nyumba zetu binti hamhoji babake, hivyo Felista alinyamaza. Barnaba naye alidhani Masista wamebadili nia, na hakuwa mtu wa kwenda kuwauliza wanawake. Baba na binti wakaacha kusemezana, kila mmoja na jibu lake lisilo la kweli. Mimi nilitazama kutoka dirishani. Barnaba alimwita binti aje anywe chai naye, binti akampita na ndoo yake. Niliona tamu.

Alhamisi tarehe 6 Machi wasichana kumi walipanda gari moshi kwenda Nairobi kupanda ndege. Perpetua alirudi darasani. Felista aliikabidhi ngoma, akaacha shule.

Wale kumi walirejea tarehe 10 Aprili wakiwa na utepe wa kijani nywelani. Walisimulia jinsi walivyopiga bendi chini ya mvua na wazee wakawapungia kofia, na jinsi watu wa huko wanavyokusanyika jikoni, mmoja anapiga fidla, mwingine anaimba, kisha mgeni anaambiwa, "Sasa wewe, tupe wimbo wa kwenu." Ngoma kubwa walipigiwa na mtu wa kuazima, ambaye kila mara aliwaacha nyuma. Felista alisikiliza yote amesimama.

Jumapili tarehe 4 Mei alikuja kwangu.

"Mama mkubwa, nimemkubali yule mwanamume wa Molo."

Mwanamume huyo, aliyeleta posa tangu Felista alipoacha shule, alikuwa mjane wa makamo mwenye watoto wanne. "Felista, wewe bado mtoto."

"Baba alinikatalia niliyoyataka. Nikiolewa hataniona tena. Nimekuambia wewe kwa sababu hata wewe alikunyima kidole chake."

Hilo ndilo nililolitaka, Barnaba apoteze mtoto. Lakini atakayelala Molo ni Felista, si Barnaba. Hata hivyo nilikaa kimya siku tisa, na siku hizo tisa nazihesabu ndani ya kosa langu. Tarehe 13 nilikwenda kwa Sista nikaiomba ile karatasi.

Nawaambia wenye kisasi, hasa wanawake wenzangu mliodhulumiwa na wakwe: mkosaji wako ni mtu mzima, mfuate yeye mwenyewe, usoni pake. Usimpitie mtoto wake.

Jumamosi tarehe 17 Mei 1958, kwa ombi langu, mimi, Barnaba na Felista tulikaa mbele ya baraza la wazee wa mtaa, katika chumba cha katekisimu. Niliisoma karatasi kwa sauti, kisha nikasema ni nani aliyeiandika.

"Nilikuuliza," Barnaba akasema. "Nilikuuliza umeandika nini."

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

Nilimwomba Felista msamaha. Mwenyekiti akaniambia nimwombe na baba yake.

"Nitamwomba atakapomwomba Perpetua," nikajibu. "Si kabla."

Wazee waliamua posa ya Molo isimame na Felista arudi shuleni. Walimkemea Barnaba kwa alivyomtendea Perpetua. Mimi waliamua nisimsomee wala kumwandikia mtu yeyote mtaani tena, na hakuna mama hata mmoja aliyenitetea. Mwenyekiti akaandika kwamba shauri limekwisha.

Felista alinipita bila kunitazama, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, twende nyumbani."

Hakuwa amemsemesha tangu Januari. Nilitaka kumnyang'anya Barnaba mtoto, na ni mimi niliyemrudishia.